Tupeane uzoefu: sisi tuliolelewa nyumba za kaunsil Mombasa

MwanaMzizima
Salaam kwenu nyote. Leo mchana nilipanda matatu Kongowea kuja mjini. Tulipovuka daraja la Nyali, kondakta akaanza kuita, "Buxton! Buxton wa kushuka!" Kijana niliyeketi naye, hata miaka ishirini hajafika, akayatazama yale maghorofa mapya akaniuliza hapo zamani palikuwa na nini. Nikaanza kumweleza, nikapitiliza kituo changu, na hapa nilipo bado sijamaliza.

Basi tuliolelewa nyumba za manispaa, tupeane uzoefu. Buxton, Mzizima, Tudor, Tom Mboya, Kaa Chonjo, Nyerere, Changamwe, Khadija, Likoni. Mwaka 2015, wakati wa Gavana Joho, kaunti ilitangaza kwamba mitaa 10 ya zamani itabomolewa ijengwe upya. Buxton ile tuliyoijua ndiyo hiyo haipo tena. Kila mpangaji alipewa shilingi 240,000 akatafute pa kukaa, na familia zilizohama ni mia tano na kitu. Kabla hatujasahau nani alikaa mlango gani, semeni. Yangu ya Mzizima nitaandika baadaye, nataka kusikia wengine kwanza.

UkutiMkavu
Kumbe tuko wengi. Mimi nikipita pale hugeuza uso upande wa pili.

MamaPilau
Tudor hapa. Mimi nakumbuka maji kuliko kitu chochote. Maji yalikuwa yakija saa nane za usiku, tena si kila usiku. Bomba linaanza kukohoa, linatema hewa, na wa kwanza kulisikia ni lazima agonge milango yote ya ngazi yake. Ukijitekea peke yako ukanyamaza, kesho yake hakuna atakayekuitikia salamu. Mitungi inapangwa kwenye ngazi kuanzia chini mpaka juu. Wetu ulifungwa kipande cha leso kwenye mkono ili usipotee. Mwenye mtoto mchanga anateka kwanza, kisha mwenye mgonjwa, kisha wengine kwa foleni. Sheria hiyo haikuandikwa popote na sikuwahi kuona mtu mzima akiivunja.

Watu wanasahau maji yenyewe yanakotoka. Chemchemi za Mzima ziko huko Tsavo, safari ya masaa, na bomba likipasuka popote njiani sisi wa kisiwani tunapikia ya kununua mkokotenini.

KahawaTungu
Mama Pilau, na vita vya foleni hujavitaja! Ndoo kuruka ngazi!

MamaPilau
Vita vilikuwepo. Lakini asubuhi tulikula mahamri ya mama mmoja, mbaazi za mwingine.

FundiKokoto
Mimi ni mwashi, na nimezaliwa ghorofa ya kwanza ya nyumba hizo. Watu husema majumba yale yalizeeka tu. Zege halizeeki hivyo jamani. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi hupenya kwenye zege pole pole mpaka ikaifikia nondo, vile vyuma vya ndani. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba inalisukuma zege nje. Ndiyo maana dari lilianza na ufa mwembamba ulionyooka, ukaja na doa la rangi ya chai, halafu siku moja bonge likaanguka. Ufa ukiuona umenyooka hivyo ujue unafuata nondo, na siku hiyo hiyo hamisha kitanda. Kupaka chokaa juu yake ni kujidanganya. Dawa yake ni kuchimba mpaka nondo ionekane yote, kusugua kutu ikatoka, kupaka dawa, kisha kujaza upya. Kazi hiyo inataka kurudiwa kila baada ya miaka, na kwetu sikuwahi kuona ikifanywa. Bonge lilidondoka juu ya meza ya chakula alasiri moja sisi tuko chuoni, madrasa. Sahani za mchana zilikuwa bado hazijaondolewa. Zilivunjika zote.

UkutiMkavu
Kumbe! Sisi tuliambiwa ni panya.

FundiKokoto
Panya hatoboi zege, ndugu yangu.

NahodhaLikoni
Sikutaka kuandika, lakini Mama Pilau aliposema sheria isiyoandikwa nikaona niseme.

Likoni, tarehe 13 Agosti 1997. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Usiku ule kituo cha polisi kilivamiwa, askari sita wakauawa, vibanda na nyumba vikachomwa, na watu wa kutoka bara wakaanza kusakwa. Mlango uliotazamana na wetu alikaa mama mmoja na wanawe watatu. Mumewe alikuwa zamu ya usiku bandarini, ng'ambo ya feri. Tulisikia kelele, kisha tukaona mwanga wa moto kupitia matundu ya dirisha la ngazi. Mamangu akafungua mlango, akavuka zile hatua mbili, akarudi na watoto wa jirani mmoja baada ya mwingine, na mwisho mama yao. Akamvisha buibui la bibi. Sisi watoto akatulaza mkeka mmoja, tukachanganywa, akatufunika leso zile zile na kutuambia atakayesema neno hatamwacha.

Babu yangu alishuka. Mzee yule hakuwa na nguvu hata ya kubeba ndoo. Akakaa ngazi ya chini kabisa na tasbihi yake. Vijana wakaja. Nilisikia kwa masikio yangu mmoja akiuliza huku juu anakaa nani. Babu akasema, "Wajukuu wangu." Akaulizwa tena. Akasema, "Wajukuu wangu wote. Unataka kuwahesabu?" Wakaondoka.

Asubuhi mama yule na wanawe wakasindikizwa kanisani, Katoliki pale Likoni, walikokimbilia watu. Hawakurudi tena kukaa. Mama alizikusanya sahani zao na sufuria akaziweka juu ya kabati. Alipohama alihama nazo. Ziko kwake mpaka leo, hazipikiwi.

MamaPilau
Mungu amrehemu babu. Nimelia.

KahawaTungu
Amin. Tafuteni hiyo familia, Nahodha. Watoto wale sasa ni watu wazima, wataka kujua.

KijanaWaMakadara
Kisa kizuri na Mungu awalipe wazazi wako. Lakini tuseme ukweli, nyumba za kaunsil zilijaa watu wa bara tangu mwanzo, na wenyeji tukaachiwa nyumba za Kiswahili za makuti mtaa wa Majengo. Hilo hamlisemi.

JuaKaliChangamwe
Wewe hujui unachosema. Kwetu Changamwe ngazi moja ilikuwa na Mgiriama, Mluo, Mtaita, Mkamba na familia ya Kibajuni. Wewe unachanganya nyumba za kaunsil na nyumba za reli na za bandari.

KijanaWaMakadara
Sichanganyi. Babu yangu aliomba nyumba akazeeka akingoja.

JuaKaliChangamwe
Na babu yangu mimi alitoka Rabai akapewa. Sasa?

MzeeWaShimanzi
Vijana, hebu tulieni niwape historia kidogo. Mji huu kabla ya vita vya pili vya dunia ulikuwa unakula nguvu za makuli, wapagazi wa bandarini, na usiku hauna pa kuwalaza. Kuli wa kutwa analipwa kutwa, anapanga kitanda Majengo na wenzake wengi chumba kimoja. Mwaka 1939 wakagoma. Serikali ikaunda tume ya Willan, na tume yenyewe, ya wakoloni hao hao, ikakiri kwamba makazi ni tatizo kubwa. Hawakufanya la maana. Januari 1947 mji mzima ukasimama, bandari, reli, mahoteli, wafanyakazi kama 15,000, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao. Yeye kwao bara, wafuasi wake wa kila kabila, pwani na bara. Baada ya migomo ile ndipo wakubwa wakafahamu kwamba mfanyakazi asiye na nyumba hakai kimya. Kwa hivyo nyumba hizi mnazogombania zilitokana na migomo ya watu waliolala chumba kimoja bila kuulizana kabila. Kijana wa Makadara, kungoja kwa babu yako ni kweli, na ni kwa sababu zilijengwa chache. Nyumba zikiwa chache, majirani hugeuzwa maadui.

KijanaWaMakadara
Nimekusikia mzee. Shikamoo. Lakini uchache huo ulikuwa na wapendelewa wake.

MzeeWaShimanzi
Marahaba. Hilo sikatai.

MwenyeMikindani
Mbona Mikindani hamuitaji? Sisi pia tulikaa miradi ya manispaa.

JuaKaliChangamwe
Mikindani mlipimiwa viwanja mkajijengea wenyewe. Ule ni mradi wa Benki ya Dunia, mwisho wa miaka ya 1970 kuja 1980. Nyumba ya kaunsil unapewa ufunguo.

MwenyeMikindani
Tulipewa kiwanja, choo na bomba, na mkopo juu. Na leo nyumba ni yetu, hatimiliki tunazo. Nyie wenye ufunguo mko wapi?

JuaKaliChangamwe
Hapo sina jibu.

BintiGhorofaYaPili
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Huyu wa Mikindani ndiye aliyenigusa. Niwieni radhi, ni refu. Mtaa sitautaja, ni mmoja kati ya hiyo hiyo.

Nyumba yetu ilikuwa kwa jina la babu, mzaa mama. Alikuwa kuli, akapewa nyumba mamangu hajazaliwa. Babu akafa, kadi ya kodi ikabaki na jina lake, na bibi akawa analipa kila mwezi kwa jina la marehemu. Risiti zinaandikwa Bwana Fulani, na Bwana Fulani kalala makaburini Kikowani miaka. Hakuna aliyeona ajabu, milango mingi ilikuwa hivyo.

Bibi alipopooza, aliyemuuguza ni mama. Mama ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyembeba ngazi kushuka na kupanda siku za kliniki, na kodi akailipa kwa pesa za viazi karai alivyouza pale chini jioni. Kadi ilikaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda cha bibi. Naiona mpaka sasa. Karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne, mikunjo imetoboka katikati, jina la babu kwa wino wa buluu, herufi ya kwanza imepakaa maji, na mihuri imepandana hata miezi haisomeki.

Mamangu ana kaka mmoja tu, tumbo moja. Aliondoka kijana, akaoa bara, Mombasa tunamwona Idi na matangani. Bibi alipofariki alikuja. Khitma ikasomwa, watu wakala, akaondoka. Mwisho wa mwezi mama anatafuta kadi akalipie. Kopo lipo, risiti zipo, kadi haipo. Akampigia. Mjomba akasema, "Nimeihifadhi mimi. Hapo kwenu panavuja." Mama akasema ahsante kaka. Hakuwaza lolote. Ni kaka yake.

Ikaja habari ya kubomoa. Wakaja watu wa kuandikisha, kila mlango jina moja. Mama akatoa risiti zote. Alikuwa amezitia mfuko wa plastiki, kapanga mwaka kwa mwaka, kila mwaka amefunga uzi. Wakazitazama wakasema hizi zina jina la marehemu, lete kadi na mtu wa kusimama badala yake. Mama anapiga simu kwa kaka, haishikwi. Anapiga kwa mkewe, haishikwi. Sisi hatujui kwamba mwenyewe yuko papa hapa mjini, amelala hoteli, ameshapeleka kadi, cheti cha kifo cha babu na kitambulisho chake, na ameshaandikwa.

Pesa ziliingia kwake. Mama hakupata hata nauli.

Siku ya kuhama mjomba alikuja na mkokoteni na wapagazi wawili, anataka kabati la bibi, la mti wa mvule. Mama alikuwa amekaa kizingitini, upawa mkononi, hata mwenyewe hajui kwa nini ameushika. Majirani wamejaa ngazi nzima na vyombo vyao. Mjomba akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Nyumba hii ni ya babangu." Mama akamtazama akamuuliza, "Na mimi babangu ni nani?"

Mjomba hakujibu. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu akaanza kulia, mwingine akapokea, mpaka wale wapagazi wakaliweka kabati chini. Mmoja akasema, "Mzee, hii mimi sibebi." Wakashuka na mkokoteni wao mtupu, na pesa hawakuuliza.

Sasa mama amepanga chumba kimoja Mishomoroni. Kabati halikupita mlangoni, limewekwa kwa jirani. Kaka yake akipiga simu hashiki. Nami kilichonifanya niandike ni hiki. Nasikia waliokuwa wapangaji wana nafasi ya mbele kwenye nyumba mpya. Nafasi hiyo nayo inafuata jina. Mamangu kazaliwa mle, kazaa mle, kazika mamake kutoka mle, na jina lake haliko kwenye karatasi hata moja. Nifanyeje?

KahawaTungu
Nimesoma mara mbili. Huyo si mjomba.

MamaPilau
Wapagazi wale Mungu awape pepo.

UkutiMkavu
"Na mimi babangu ni nani." Ya Rabbi.

SheikhWaKibokoni
Binti, nendeni kwa Kadhi. Babu kaacha mtoto mwanamume na mtoto mwanamke. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Fungu moja si sufuri. Mjomba wako hata sheria ya dini hakuifuata, kajichukulia yote.

BarazaNaSheria
Sheikh, kwa heshima yako, hapo pana tatizo. Nyumba ya kaunsil ni upangaji. Babu hakuimiliki, na kisichomilikiwa hakirithiwi. Mahakama ya Kadhi kwa Katiba, kifungu cha 170, inashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Pesa zilizotolewa ili mkaazi ahame si mali aliyoacha babu. Ni za yule anayehama. Kwa hivyo dada Binti asishike njia ya mirathi. Ashike njia ya ukaazi. Aonyeshe nani alikuwa akiishi mle: risiti, bili za stima, kadi za kliniki za watoto, barua za shule, na majirani waape kwa maandishi mbele ya wakili. Kisha aandike barua kwa idara ya nyumba ya kaunti kuomba sajili irekebishwe, nakala kwa mwakilishi wa wadi, na kila barua apigiwe muhuri wa kupokelewa. Katiba kifungu cha 43 inataja haki ya makazi, aitaje humo.

SheikhWaKibokoni
Na ikiwa mjomba mwenyewe alijiandikisha kwa kusema ni mrithi wa babu? Yeye ndiye aliyeifanya mirathi. Basi agawe.

BarazaNaSheria
Hoja nzuri hiyo. Iandikwe.

MwenyeMikindani
Mawakili watakula hicho kidogo kilichobaki. Kaeni wazee, muiteni, mumweke kati.

KahawaTungu
Wazee gani? Mtu aliyelala hoteli akijificha na dada yake aitwe na wazee aje? Mimi nasema pelekeni lile kabati mkamzibie mlango huko huko bara asubuhi asipate pa kutokea.

MamaPilau
Kabati wacheni. Kabati ni la mama.

KijanaWaMakadara
Mimi nitasema lisilopendeza tena. Hiyo kadi iliwaumiza wengi, si mama huyu tu. Wenye kadi wangapi walikuwa wakiishi mle kweli? Mtu anajenga kwake Bamburi, nyumba ya kaunsil anampangishia mwingine kwa kodi mara tatu. Ile ni nyumba ya umma.

FundiKokoto
Hapo umesema kweli.

MpangajiWaMpangaji
Mimi ndiye huyo mwingine. Nilikaa mle na watoto wangu, mwenye kadi sijawahi kumwona akilala hata usiku mmoja. Kodi nilimlipa yeye, choo kikiziba natengeneza mimi, ufa wa dari nimeziba mimi. Siku ya pesa alikuja asubuhi na mapema kavaa kanzu ya Idi. Mimi nilipewa wiki mbili. Dada Binti, mamako angalau ana risiti. Mimi nilikuwa naandikiwa kwenye daftari la shule, na daftari anakaa nalo yeye.

JuaKaliChangamwe
Lakini nawe ulijua unapanga kinyume cha sheria.

MpangajiWaMpangaji
Nilijua nina watoto wanne na mshahara wa ulinzi. Sheria yako ingenilaza wapi?

MzeeWaShimanzi
Mwache, Changamwe. Mwache kabisa.

MpwaniUlaya
Niko London mashariki miaka mingi, lakini Tudor ndiyo iliyonilea. Hapa Shoreditch kuna mtaa unaitwa Boundary Estate, ni katika mitaa ya mwanzo kabisa iliyojengwa na baraza la mji Uingereza. Ulifunguliwa 1900. Kabla yake palikuwa na vijumba vya maskini, Old Nichol, wakavibomoa. Watu waliotolewa ni 5,719. Waliorudi kukaa nyumba mpya wanatajwa kuwa 11. Kodi iliwashinda, wakatawanyika mitaa ya jirani wakabanana huko. Na vifusi vya nyumba zao havikutupwa mbali. Vilirundikwa katikati ya mtaa, wakapanda miti juu yake, wakajenga kibanda cha kupigia muziki. Panaitwa Arnold Circus. Watoto hupanda pale kucheza, nami nilikaa juu ya kilima hicho mara nyingi kabla sijasoma kilichomo chini.

Kitu kingine. Mwaka 1980 sheria ya hapa ikawapa wapangaji wa mabaraza haki ya kununua nyumba zao kwa bei ya chini. Aliyenunua ni yule ambaye jina lake limo kwenye mkataba wa upangaji. Familia nyingi zimeinuka kwa hilo, na nyumba hizo nyingi leo zinapangishwa na watu binafsi kwa bei ambayo mpangaji wa kwanza asingeiweza. Dada Binti, usingoje. Jina la mamako liandikwe mahali sasa hivi, hata kwenye barua ya kulalamika.

KahawaTungu
Kaka London iko mbali, tuongee ya hapa.

MpwaniUlaya
Waliorudi Buxton ni wangapi? Nauliza tu kwa wanaojua.

UkutiMkavu
Ghorofa yetu nawajua wote walikokwenda. Kisauni, Mtwapa, Mishomoroni, mmoja Kaloleni kwa wakwe. Waliorudi siwajui.

MwanaMzizima
Niliahidi yangu. Baada ya hayo ya Binti naona ni kadogo, lakini niyaseme.

Kwetu kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa na ufunguo wa paa. Hakuwa mfanyakazi wa manispaa, alikuwa amejiteua. Ramadhani, siku ya ishirini na tisa, yeye ndiye aliyefungua tukapanda watoto wote na baadhi ya kina mama kuutazama mwandamo. Kule juu unaona Tudor Creek upande mmoja na minara ya mji upande wa pili. Aliyeuona wa kwanza ndiye aliyepata kaimati za kwanza kesho yake kwa mkewe. Tulisema uongo sana juu ya paa lile. Mara nyingine mwezi ulionekana na watoto saba kwa pande saba, na mzee akawaamini wote. Mkewe alikaanga kaimati za watu saba bila kunung'unika. Nilikuwa nikidhani kila mtaa duniani una mtu kama yule.

MamaPilau
Tudor tulikuwa tukiutazamia kando ya maji. Lakini kaimati hatukupewa!

BintiGhorofaYaPili
Nimemsomea mama majibu yenu usiku huu, yote, hata ya kabati. Amecheka hapo kidogo. Mahakamani hataki, amesema hatosimama mbele ya watu kumshtaki mtoto wa mamake. Nikamwambia basi barua. Amekubali barua. Amesema aandikwe kwa majina yake yote matatu, na iandikwe kwamba amezaliwa mle ndani na mkunga aliyemzalisha alikaa mlango wa tano. Risiti bado anazo na nyuzi zake. Kesho nazipeleka kutoa nakala.

BarazaNaSheria, nikuandikie faraghani unisahihishie?

BarazaNaSheria
Niandikie. Na yule mama wa ghorofa ya tatu aliyelia, mtafute. Huyo ndiye shahidi wa kwanza. Malipo sitaki.

MpangajiWaMpangaji
Na mimi naweza kuandika hiyo barua hata kama sina risiti?

BarazaNaSheria
Andika. Majirani wako ndio risiti. Tafuta watatu wenye vitambulisho.

MtuWaKaaChonjo
Nimechelewa, nimeona leo. Kuna aliyesoma chuo kwa yule mwalimu wa kike aliyekuwa akitusomesha barazani kwake, mlango wa mwisho, mwenye bakora asiyempiga mtu? Nasikia alihamia kwa bintiye. Namtafuta, nina amana yake.

FundiKokoto
Yuko Kisauni, nyuma ya msikiti wa soko. Nilimjengea jiko mwaka jana. Nitumie ujumbe nikuelekeze.

MtuWaKaaChonjo
Nimekutumia. Angalia.